Taa Imetembea

Shangani, Mtwara. Jumamosi usiku.

Leo taa imetembea kwenye safu ya taa nane za kompyuta ndogo ninayoiunda. Wiki nzima ilikuwa imegoma pale pale pa kwanza, nami nikiilaumu saketi. Nilifungua waya zote nikazifunga upya, kumbe kosa lilikuwa daftarini.

Chipu yangu, ubongo wa kompyuta hiyo, ni Z80 ya CMOS, aina inayokula umeme kidogo, ina miguu 40. Zilog walianza kuuza Z80 za kwanza mwaka 1976, baada ya Federico Faggin kutoka kampuni ya Intel na kwenda kuanzisha kampuni hiyo. Mwaka 2024 wakatangaza kuacha kuitengeneza. Niliposoma habari ile nilihuzunika kweli, nikaifunga hii moja niliyo nayo kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara kama mtu anayeficha dhahabu.

Nimeipunguzia kasi hadi mapigo 10 kwa sekunde, maana ya CMOS haidhuriki hata ukiisimamisha kabisa. Kutwa nzima kibandani natengeneza simu, na ndani ya simu huoni lolote likitokea. Hapa kila hatua naiona kwa macho, na hicho ndicho ninachokipenda.

Programu ina baiti saba tu, yaani namba saba, nimeiandika kwa mkono kwa tarakimu za heksadesimali (0 hadi 9, kisha A hadi F): 3E 01 D3 00 07 18 FC. Weka moja, itoe kwenye taa, izungushe, rudi ukaitoe tena. Naiingiza kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, kwa swichi nane, baiti moja moja. Jioni umeme ulikatika, yote ikafutika. Uliporudi nikaanza upya.

Binti yangu, yuko darasa la nne, akaketi mkekani anisomee taa za anwani, zinazoonyesha chipu inasoma nafasi ipi ya kumbukumbu, ukihesabu kuanzia sifuri. Nilimwambia asome pale tu taa ya mguu wa M1 inapozimika, kwa sababu ndipo chipu inapochukua amri. Muda mwingine waya zile zina kazi ya kuihuisha kumbukumbu.

“Baba, sasa. Zima, zima, washa, washa.”

Tatu, maana taa ya mwisho ikiwaka ni moja, na ya kabla yake ni mbili. Nilitegemea mbili, nafasi ya D3.

“Hebu soma tena, mama.”

“Zima, zima, washa, washa. Ni ile ile, baba.”

Nikavuta daftari. Amri ya kurudi nyuma huhesabiwa kuanzia pale chipu inapokuwa imeshaimaliza kuisoma, yaani anwani ya 7. Mimi nilianzia 6. Kwa hiyo badala ya kuangukia D3, ile amri ya kutoa, ilikuwa inaangukia 00 iliyo mbele yake. Ile 00 niliiandika kama namba ya mlango wa kutolea kwenye taa, lakini chipu ikikutana nayo peke yake inaisoma “usifanye kitu”. Basi ikawa inazungusha namba ndani kwa ndani, haitoi nje tena baada ya ile mara ya kwanza. Siku zote hizo ilitii nilichoandika, herufi kwa herufi, na mimi naishuku waya.

Nikabadilisha baiti moja tu: FC ikawa FB, yaani rudi nafasi tano badala ya nne.

Mzunguko mmoja hula mapigo 27, kwa hiyo taa huhama kila baada ya karibu sekunde tatu. Ilipotoka ya kwanza kwenda ya pili binti yangu alipiga kofi. Akaomba nisiizime, akahesabu mpaka ya nane, akaiona ikirudi ya kwanza. Sasa amelala hapo hapo mkekani, na taa iko ya tano.