Nilivyoiamsha LaSalle ya 1937 bila kuitoa volti 6 kuipeleka volti 12

Wakuu habari zenu. Ufundi nimejifunzia gereji za Arusha, kwenye Land Rover na Peugeot 504, saivi naishi Michigan na hii gari nimehangaika nayo mwaka mzima, kwa hiyo naandika nilivyofanya, maana kuna mtu itamsaidia.

Wengi wakisikia LaSalle wanadhani ni kampuni tu ilijifia zamani. Hapana, huyu ni mdogo wake Cadillac, baba mmoja mama mmoja. General Motors waliitoa 1927 kuziba pengo la bei kati ya Buick na Cadillac, umbo akachora Harley Earl, na kwa kweli jamaa alijua kuchora. Hata jina wamelifuatisha, Cadillac ni yule Mfaransa aliyeanzisha Detroit 1701, LaSalle naye Mfaransa mvumbuzi wa hukohuko. Ndugu zao wengine wa General Motors walipewa wadogo pia, Oldsmobile akapewa Viking na Buick akapewa Marquette, zote za 1929 na hazikukaa, ila Pontiac aliyeletwa chini ya Oakland alikua mpaka akamzika mkubwa wake. LaSalle ikaenda mpaka 1940.

Sasa kwa nini nilitaka ya 1937 na sio nyingine. Za 1934 mpaka 1936 walizipa injini ya silinda nane za mstari mmoja, 1937 ndo wakairudishia V8, inchi za ujazo 322, kama lita 5.3 hivi, farasi 125, na ni ileile iliyokuwa kwenye Cadillac Series 60 ya 1936. Halafu ile kubwa ya Cadillac ya 346 ni ukoo huohuo, wamepanua tundu la silinda tu, mwendo wa pistoni ni uleule inchi 4.5, na hiyo ilitengenezwa mpaka 1948, hadi vifaru vya vita vya pili viliwekewa. Maana yake spea zipo! Hicho ndo kilichonifanya nitoe dola 9,500 kwa mama mmoja mjane aliyekuwa nayo bandani, haijawashwa miaka mingi, panya wamelala kwenye viti.

Sikuigusa stata kabisa siku ya kwanza, na nawaomba na nyie msiguse. Nilitoa plagi zote nane, nikamimina kwenye kila tundu mchanganyiko wa oili ya gearbox ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, nikaiacha wiki nzima ndo nikaizungusha kwa mkono na spana, ikakubali taratibu. Tenki nikalishusha, ndani petroli imegeuka kama lami, nikalipeleka kwa wanaosafisha rejeta. Kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, silinda mbili zinasoma sifuri. Hizi injini valvu zake zinakaa ubavuni ndani ya bloku, sio juu kwenye hedi, nikafungua hedi nikakuta valvu mbili zimeganda zikiwa wazi kwa gundi ya mafuta ya zamani. Nilizipulizia dawa ya kulegeza kutu, nikagonga kidogokidogo kwa mpini wa nyundo siku tatu, zikashuka. Gasketi mpya, nikafunga.

Sasa ndo ikaja shida iliyonila mwezi. Stata inazunguka kama imechoka, kila niliyemuuliza hapa ananiambia badilisha iwe volti 12. Mimi nikakataa, kwa sababu gari ilitoka kiwandani na volti 6 na watu waliwasha nayo kwenye baridi ya huku. Nikaenda Hickory Corners, hapahapa Michigan, kwenye makumbusho ya magari ya Gilmore, wana jengo zima la Cadillac na LaSalle, nikasimama nikaangalia. Nyaya za betri zilizotakiwa ni nene kama kidole. Zangu nyembamba, mtu aliweka za gari la kawaida la volti 12. Ukitaka nguvu ileile kwa volti nusu inabidi umeme upite mara mbili, waya mwembamba unaunyima njia na wewe unailaumu stata bure. Nikatengenezesha nyaya nene, nikakwangua rangi na kutu pale waya wa bodi unapofungwa mpaka chuma ikang'aa. Nikabonyeza, ikazunguka vizuri, mara ya nne ikashika! Nilimpigia kaka yangu Arusha nikaweka simu karibu na injini, hakuongea, alikuwa anasikiliza tu, mwisho akasema "mbona haina kelele hiyo".

Breki msizifanyie mzaha. Ni za mafuta, ila masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ni ya njia moja, mpira mmoja ukipasuka magurudumu yote manne hayana breki. Nilibadilisha mipira yote na mabomba yote kabla haijatoka nje ya geti, hata lililoonekana zima.

Jumapili nilimpitia yule mama nikampeleka kanisani. Alikaa mbele, akafungua kisanduku cha dashibodi bila kuniuliza, akatoa glavu za mumewe ambazo mimi mwaka mzima sikuwahi kuziona, zilikuwa zimejikunja kule nyuma kabisa. Alikaa nazo mapajani njia nzima.