Kikohozi Kikavu Kilichoanzia Sikioni

Kikohozi changu kilikuwa kikavu, bila homa wala kupungua uzito, na kiliendelea kwa miezi kadhaa hadi mbavu zikauma na wanafunzi wangu wakazoea kungoja nimalize kukohoa ndipo somo liendelee. Kwa kuwa hapa Tanzania mtu mzima anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi hutakiwa kupimwa kifua kikuu, nilianzia huko, na naamini kila mtu anapaswa kuanzia huko. Kipimo cha makohozi hakikuonyesha vimelea, na picha ya eksirei ilikuwa safi. Niliulizwa pia kuhusu pumu, kiungulia, na dawa za shinikizo la damu kama captopril na enalapril, ambazo huwakohoza baadhi ya wanaozitumia. Yote hayo hayakunihusu.

Aliyenisaidia ni tabibu kijana wa kituo cha afya. "Mama, kikohozi hiki kinakuzidi ukiwa umekaaje?" Nikamweleza kuwa hunishika zaidi nikilalia ubavu wa kulia, na kila nikijikuna sikio la upande huo. Akachukua kifaa chenye taa, na kilipogusa tu ukuta wa tundu la sikio nikakohoa mfululizo, alipokitoa, nikatulia. Sikio la kushoto halikunikohoza hata kidogo.

Alinifafanulia kwamba tawi la neva ya vagasi, neva ileile inayopeleka ubongoni hisia za koo na mapafu, hufika pia kwenye ngozi ya ndani ya sikio, hivyo kwa watu wachache kitu kinachoigusa ngozi hiyo huamsha kikohozi. Friedrich Arnold, mwanaanatomia wa Ujerumani, alikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1832, na inanisikitisha kwamba bado kuna wanaokunywa dawa za kikohozi, chupa ikiisha wakanunua nyingine, bila masikio yao kuangaliwa.

Baada ya kuhakikisha kiwambo cha sikio hakijatoboka, tabibu alinipa matone ya kulainisha nta, kisha siku chache baadaye akalisafisha sikio kwa maji ya vuguvugu, kwa kuwa ya baridi huleta kizunguzungu. Kwenye beseni likaanguka donge jeusi lenye ukubwa wa punje ya mtama, na ndani yake unywele mfupi ulioganda. Kikohozi kilipungua wiki hiyohiyo, kisha kikaisha kabisa. Vijiti vya pamba alinikataza, kwani husukuma nta ndani zaidi. Sikio likianza kuziba, hurudi kwake kuchunguzwa.