Kurasa Kumi na Moja na Karanga za Kukaanga

Kwa miaka sita kwenye seli yetu ya Kirumba, Mwanza, yaani kikundi cha kanisa cha kusoma Biblia nyumbani, nimekuwa mtu wa kusema "Amina" na kuosha vikombe. Kisha mzee wa kanisa akatangaza kwamba somo la Jumatano litaongozwa na fundi cherehani. Fundi cherehani ni mimi.

Kosa langu ni kuomba ushauri. Kaka mmoja wa kwaya akanionya: "Dada, usije ukaonekana hujui. Wakikuuliza kitu, jibu tu, hata kwa kubahatisha." Mwingine akasema nijaze saa nzima, nisiache upenyo wa ubishi. Ushauri huo ulinila daftari zima na usingizi wa siku mbili. Fungu lilikuwa Luka 5:1-11, wale wavuvi waliokesha ziwani bila kupata kitu. Mistari kumi na moja. Nami nikaandika kurasa kumi na moja, nikazibana kwa pini za kushonea.

Jumatatu usiku nikamkalisha mume wangu, nikaanza kusoma. Ukurasa wa nne kichwa chake kikalala begani. Nikapiga meza: "Umeelewa nini?" Akafumbua jicho moja. "Kwamba waliosha nyavu." Nikamnunia mpaka asubuhi. Kurasa nne za jasho langu, yeye kaokota nyavu!

Lakini Jumanne, nikiwa napindua suruali ya mteja, lile jibu likanirudia. Walishaosha nyavu. Yaani kazi imeisha, wanataka kwenda kulala, na Yesu, seremala, anawaambia wazishushe tena. Hapa Kirumba nani hajui uchovu huo? Nikatupa kurasa zote, nikabaki na maswali matatu kwenye kipande cha karatasi. La kwanza lilikuwa "Je, Petro alitii?" Nikalifuta. Swali la kujibiwa "ndiyo" linafunga midomo ya watu. Nikaandika: "Ungekuwa wewe, ungemjibu nini?"

Tatizo langu jingine ni ulimi. Nikiuliza swali, kimya kikizidi kidogo najijibu mwenyewe. Dawa yake nilibuni mimi na sitaki mtu anibishie: karanga za kukaanga. Kila nikimaliza kuuliza, naweka tatu mdomoni natafuna taratibu. Mwenye karanga mdomoni hawezi kuhubiri. Karanga, maandazi na majani ya chai, yote kama elfu nane hivi.

Jumatano ikafika. Usomaji ulivurugika kidogo kwa kuwa wengine walikuwa na Biblia ya Union Version, wengine Habari Njema, na bibi mmoja alishika ya Kisukuma. Nikauliza swali langu, nikatia karanga. Kimya. Karanga ya pili. Kimya. Ya tatu nilishaanza kuimeza, ndipo baba mmoja wa dagaa, ambaye sijawahi kumsikia akichangia, akakohoa.

"Mimi ningemrudisha mwaloni," alisema. "Dagaa tunawavuta usiku kwa taa. Hata mbalamwezi ikiwa kali tunapumzika. Sasa mchana? Na nyavu nishaosha? Halafu tajiri akiniuliza mafuta ya injini nimwambie nini?"

Chumba kikalipuka. Mama mmoja akadai Petro naye alijua hayo yote, ndiyo maana alianza kwa kulalamika kabla ya kukubali. Kijana akauliza lile ziwa lilikuwa kubwa kiasi gani. Hilo tu ndilo nililoliokoa kwenye zile kurasa: kama kilomita za mraba 166, wakati kisiwa chetu cha Ukerewe peke yake kinazidi 500. "Kumbe bwawa!" akasema baba wa dagaa. Bibi akauliza samaki wenyewe walikuwa wa aina gani. Nikasema sijui. Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyetoka nje.

Swali la tatu hatukulifikia, maandazi yaliisha kabla. Kurasa kumi na moja nimezikatia patani za kola za watoto. Jumatano ijayo zamu ni ya baba wa dagaa, na ameshaniuliza karanga nanunua wapi.