Petali yangu ya kwanza ya nywele

Jana usiku nilimaliza petali moja, yaani jani la ua, katika ufundi wa kutengeneza maua kwa nywele za watu. Ina vitanzi 18, haifikii urefu wa kidole gumba, na imenila saa mbili na nusu.

Nywele zangu ni fupi, za kipilipili, hazikubali kazi hii. Najifunzia uzi mweusi wa hariri. Wanawake wa Uingereza na Marekani wa zama za Malkia Victoria walitumia nywele zenyewe: za mama, za mtoto, za marehemu. Walizichemsha kwenye maji ya magadi ili mafuta yatoke, wakazipanga kwa urefu, wakazigawa mafungu membamba. Unashika waya mwembamba uliokunjwa mara mbili pamoja na sindano ya kufumia. Fungu la nywele linazungushwa kwenye sindano, linapitishwa kati ya waya mbili, waya zinasokotwa, kitanzi kimefungwa. Kisha kingine. Ukichomoa sindano unabaki na safu ya vitanzi. Ipinde, ni petali. Petali zikitosha ni ua, na maua ya ukoo mzima, kahawia, ya dhahabu, ya mvi, yalipangwa kuwa shada lenye umbo la kiatu cha farasi, mdomo juu, likatundikwa sebuleni ndani ya fremu ya kioo.

Huniuma nikisikia watu wakiiita kazi hii ya kutisha. Nywele haziozi kama mwili. Kabla ya miaka ya 1860 watoto wengi walizikwa bila kupigwa picha hata moja; kilichobaki mkononi mwa mama ni kishungi cha nywele. Malkia mwenyewe, baada ya mumewe Albert kufariki tarehe 14 Desemba 1861, alivaa nyeusi hadi kifo chake mwaka 1901, na alivaa vito vyenye nywele zake. Ila hakuianzisha yeye. Wanawake wa Våmhus, Uswidi, walikuwa tayari wakizunguka nchi za Ulaya wakisuka mapambo ya nywele kwa malipo.

Kinachonigusa zaidi ni hofu ya wanawake wa zama hizo. Ukipeleka nywele za marehemu wako kwa sonara, utajuaje kama zilizorudi ndani ya bruchi, pambo la kubana kwenye nguo, ni zile zile? Mwaka 1867 Mark Campbell alitoa kitabu cha kujifundisha ufundi huu nchini Marekani, na faida mojawapo aliyoitaja ni hiyo: ukisuka mwenyewe, unajua umemshika nani.

Kwenye meza zao za vipodozi kulikuwa na kibakuli chenye tundu katikati ya kifuniko. Kila baada ya kuchana, nywele zilizong'oka zilisokomezwa humo, zikingoja.

Mama ana nywele ndefu kuliko zangu, na mvi zimeshamjaa pembeni mwa paji. Jumapili nikimsuka, zitakazobaki kwenye shanuo nitazitia kwenye bahasha. Bado sijamwambia.