Tulilala Makambako

Kaka yangu alinipigia simu Jumatano jioni. "Dada, huyu mtoto wako anataka kwenda Iringa kwenye majaribio ya mpira. Mimi siwezi kuacha mashine ya kukoboa. Mpeleke." Ndivyo alivyo. Binti yake akishika namba moja darasani ni wa kwake, akitaka nauli ni wangu.

Ijumaa, tarehe 11 Julai 2025, tukawa stendi ya Nanenane alfajiri. Mbeya ya Julai haina huruma; nilivaa sweta mbili nikajifunga na kitenge juu yake, na bado vidole sikuvisikia. Binti ana miaka 16, alikuwa na koti la shule na begi alilolikumbatia kama mtoto mchanga. Ndani yake kulikuwa na njumu za kaka yake, namba 42, na yeye anavaa 39. Kwenye vidole amezijaza soksi kuukuu. Ya kulia iliachama siku nyingi, fundi wa Mwanjelwa akaishona kwa uzi wa nailoni wa kijani, mishono mikubwa kama ya gunia la mpunga. Nilipouliza kama itafika mwisho wa mechi akanijibu, "Shangazi, huo ni mguu wa kusimamia tu." Anatumia shoto.

Tulipoanza kushuka Mlima Nyoka, mzee aliyekaa nyuma yetu akauliza kama tunakwenda msibani. Binti akamjibu kwa adabu kwamba anakwenda kucheza mpira.

"Netiboli?"

"Hapana babu, mpira wa miguu."

Mzee akaniangalia mimi, kana kwamba nimemwibia mtu. Nami netiboli nimeicheza, shuleni nilikuwa mfungaji na sikuwa mbaya. Mpira wa miguu hakuna aliyenikataza. Ni kwamba shule nzima ilikuwa na mpira mmoja tu, na wavulana walikuwa karibu kulala nao.

Igurusi tukapita, magunia ya mchele yamepangwa barabarani, upande wa kushoto bonde la Usangu limetandaa hadi macho yanachoka. Chimala basi lilisimama kidogo na mama mmoja akapanda na ndoo ya viazi, viazi vya juu huko Matamba, ambako gari hupanda kwa kona 57 zilizohesabiwa. Huyu mama ndiye aliyechangamsha safari. Alipomsikia binti anamtaja Clara Luvanga, anayecheza Al Nassr ya Saudi Arabia, akapiga kofi paja lake. "Luvanga! Hilo jina la kwetu Ubena hilo! Huyo ni wa kwetu." Hakutaka kusikia alizaliwa wapi wala alilelewa na nani. Jina limemtosha.

Mzee wa nyuma, yule wa netiboli, akakohoa. "Na Mwasikili je? Sophia Mwasikili, aliyekuwa nahodha wa Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake. Mwasikili ni jina la wapi kama si Unyakyusani?" Basi likacheka. Mimi nilicheka zaidi, maana mtu asiyejua kama wasichana wanacheza soka alikuwa anamkumbuka nahodha. Tena akaendelea: mwaka 2010 timu ile ya kocha Mkwasa ilikwenda Afrika Kusini kwenye fainali za Afrika, mara ya kwanza kabisa, ikafungwa 2-1 na wenyeji, 3-2 na Mali, halafu 3-0 na Nigeria. Alivitaja vipigo vyote kwa mpangilio, kama mtu anayesoma majina ya marehemu wa ukoo. Tangu hapo Twiga hawakurudi fainali hizo hadi mwaka huo wa 2025, Morocco. Miaka 15. Mzee aliyajua yote hayo, ila hakujua kwamba wanacheza usiku uleule, tena na Afrika Kusini.

"Leo?"

"Leo hii babu. Mechi ya kwanza Mali walitufunga moja."

Baada ya Igawa basi likaanza kunuka. Kwanza tukadhani ni breki, kumbe klachi inaungua. Likajikokota mpaka karibu na Makambako, likagoma. Konda alikuwa ametuahidi Iringa saa nane mchana. Saa nane ilitukuta tumekaa kwenye nyasi tunakula viazi vya yule mama, ambavyo alivichemsha kwa mama ntilie wa jirani na kututoza nusu bei. Basi la kutuchukua lilikuwa "linakuja" hadi giza likaingia. Nauli ya kurudishiwa sitaizungumzia, nitapandisha presha bure.

Tukapata gesti mjini. Makambako ni mji wa njia panda, wa Songea anakwenda kulia, wa Iringa anakwenda mbele, na upepo unatoka pande zote. Mimi nilitaka blanketi. Binti akataka kibanda umiza, aangalie mpira.

Tulikikuta nyuma ya soko, turubai na mabati, mabenchi ya mbao, kiingilio shilingi 500. Ndani vijana kama 20 wanaangalia filamu ya Kihindi iliyotafsiriwa, mtafsiri anapiga kelele kuliko waigizaji. Binti akamwendea mwenye kibanda akamwambia Twiga Stars wanacheza. Akajibiwa kwamba wateja wamelipia filamu. Akauliza, "Wakikubali?" Kisha, na hapa ndipo nilipomwogopa mtoto wa kaka yangu, akasimama mbele ya kioo, akawaambia wale vijana kwamba Afrika Kusini ni bingwa mtetezi, na kwamba muigizaji wao atamuoa yule dada tu, hata wasipoangalia. Wakazomea, wakacheka, mmoja akasema "mwekee dada'ngu mpira wake". King'amuzi kikawashwa.

Bao letu sikuliona. Picha iliganda, mwenye kibanda akapanda kugusa waya, na iliporudi wachezaji wetu walikuwa wamekumbatiana. Mfungaji ni Opa Clement, yule aliyewahi kucheza Besiktas ya Uturuki. Kibanda kililipuka, wale waliokuwa wanazomea ndio waliopanda juu ya benchi. Binti peke yake alikaa. Alikuwa anaangalia marudio huku midomo inatembea, anahesabu nani alisimama wapi. Kipindi cha pili, dakika ya 70, Bambanani Mbane akasawazisha, ikaisha 1-1. Wengine walitoka wakilalamika kama vile tumefungwa. Mimi nilikuwa nawaza yule mzee wa basini, kama alipata pa kuangalia.

(Siku tatu baadaye Ghana walitupiga 4-1 tukarudi nyumbani. Lakini hiyo nilikuja kuisikia redioni nikiwa na kazi zangu.)

Asubuhi tukapata basi jingine. Misonobari ya Mafinga niliipita nimesinzia, nikaamshwa na watu wakisalimiana "kamwene" Ipogolo. Tukafika uwanja wa majaribio majaribio yenyewe yameanza. Iringa ina Ceasiaa Queens kwenye Ligi Kuu ya Wanawake, na mabinti wa huku wanajua kabisa kwamba mpira una mahali unapofika. Walikuwa zaidi ya 40, wengine wamelala kwa ndugu tangu wiki iliyopita.

Kocha akasema waliochelewa wasubiri. Binti akasubiri saa mbili, njumu zimefungwa kamba kuzunguka kifundo cha mguu mara tatu zisivuke. Alipoingia alicheza dakika 20 hivi. Mpira wa kwanza ulimpita. Wa pili aliuzuia kwa shoto, akampiga beki tobo, akamimina krosi ambayo hakuna aliyeifikia. Kwenye kugeuka, uzi wa kijani ukaachia, soksi ikachungulia mbele ya njumu kama ulimi. Hakuangalia chini.

Mwisho kocha alisoma majina ya watakaorudi Jumatatu. La kwake lilikuwa la pili kutoka mwisho, tena akalisoma vibaya.

Nikampigia kaka. Nikamwambia, "Binti yako anahitaji gesti siku mbili zaidi, na njumu namba 39."

Akanyamaza kidogo. "Dada, si mtoto wako huyo?"