Mzungu alianzia Mikindani, akaishia kwetu

Kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni kama kilomita 10, lakini daladala haikutoka stendi mpaka wa mwisho akapata pa kuning'inia. Usiku nililipia chumba bei ya hoteli, nikapewa feni isiyozunguka. Nilikuwa nimeshachoka na safari kabla sijafika mbele ya ile nyumba yenye kibao ukutani.

Kibao chenyewe ni cha Kiingereza. Kinasema David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, anasadikiwa kuishi hapo kuanzia 24 Machi hadi 7 Aprili 1866. Basi.

Sijamaliza kusoma, kijana mmoja akanijia akitaka shilingi 10,000 za kupiga picha. Nikamwomba risiti. Risiti ziko ofisini, akasema. Ofisi iko wapi? Imefungwa. Tukavutana juani hivyo hivyo, naye kila nikigeuka anahama kusimama mbele ya simu yangu, mpaka bibi mmoja aliyekuwa akikaanga samaki ng'ambo ya njia akanyanyuka na kijiko chake kinachochuruzika mafuta.

"We, mwache mgeni! Kibao kipo njiani, kila mtu anakipita bure."

Kijana akaondoka akinung'unika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umetokea wapi?"

"Bagamoyo."

Akaniangalia vizuri. "Basi huyo mzungu alianzia kwetu, akaishia kwenu. Tena kwenu kafika kabebwa."

Nimekulia Bagamoyo. Kule misheni upo mnara tunaopelekea wageni, tunawaambia maiti ya Livingstone ililazwa hapa Februari 1874. Sikuwahi kuiwaza safari ile kuanzia upande wa Mikindani. Hapa ndipo msafara ulipojipanga, na ngamia, nyati, nyumbu (chotara wa punda na farasi) na punda walioletwa kwa jahazi na meli, kabla ya kuelekea Ruvuma. Ndani yake walikuwemo Susi na Amoda kutoka Shupanga, Msumbiji, na Chuma, Myao aliyeokolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861. Wengi walitoroka au walikufa njiani. Hawa hawakumwacha. Alipofariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, waliutoa moyo wakauzika chini ya mti, mwili wakautia chumvi, wakauanika, wakaufunga, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi pwani. Njaa, maradhi, vijiji vilivyowakatalia kupita na maiti: yote waliyavuka.

Na kinachoniuma ni hiki. Mtu wa kwanza kuandika alama ya kumkumbuka Livingstone alikuwa Jacob Wainwright, mmoja wa hao wabebaji, aliyekuwa amesoma shule ya misheni India. Alichonga kwenye ule mti jina la marehemu na tarehe, kisha akaongeza majina ya baadhi ya wenzake. Mwenye kisu, porini, na msiba mbele yake, alikumbuka kwamba walikuwa wengi. Waliokuja baadaye na mafundi na ukuta mzima wakaandika mmoja.

Bibi alinifungia samaki wawili kwa shilingi 3,000, bei ya haki. Nilimwuliza, kama wakiongeza kibao cha pili, waandike nini?

"Waandike kwa Kiswahili," akasema, "na waanze na waliobeba."

Mimi naunga mkono. Susi, Chuma, Amoda, hapo hapo chini ya cha kwanza, na kingine kama hicho Bagamoyo, mlangoni pa mnara.