Siku moja maishani mwangu: mpimaji wa betri za moyo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko kituoni nagombania mwendokasi, chai ntakunywa huko huko. Betri ya moyo ndo pacemaker, kidude kinachoushtua moyo kwa umeme upige. Daktari ndo anaingiza waya moyoni, mie nakaa pembeni na mashine nasoma namba na kuset betri.

Saa mbili anaingia bibi, mapigo 34 kwa dakika, umeme wa vyumba vya juu haushuki chini kabisa, nyumbani kaanguka mara kibao wakadhani kifafa. "Mwanangu, mtanipasua kifua?" Hapana bibi, ganzi tu hapa chini ya mtulinga, tutapiga stori mwanzo mwisho.

Sasa hapa ndo penye utamu. Zamani waya ulikuwa unapelekwa kwenye ncha ya chumba cha chini kulia, moyo unapiga ndiyo lakini upande wa kushoto unachelewa, na anayetegemea betri muda wote miaka ikienda moyo unaweza kuchoka ukatanuka. Siku hizi waya unaskrubiwa ndani ya ukuta wa kati mpaka jirani na njia ya umeme ya kushoto, mbinu ya Wachina hiyo, kina daktari Huang Weijian, 2017. Dokta anazungusha taratibu, mie macho kwenye V1, mstari mmojawapo wa ECG inayochora umeme wa moyo, inaanza na umbo la W afu kile kikunjo cha kati kinapanda kinasogea mwisho, hapo nasema dokta simama maana ukizidisha unatokeza upande wa pili! QRS, yaani mchoro wa vyumba vya chini kupiga, ikatoka nyembamba, volti 0.6 tu inatosha kuamsha moyo. Weee, raha.

Saa nane kliniki. Simu usiweke mfuko wa shati upande wa betri, acha kama sentimita 15. Kijana kaona mtandaoni betri zile zisizo na waya, kama kidonge, zinapitia mshipa wa paja. Zipo, Marekani waliziruhusu 2016, ila bei tuiache. Mwingine anahofia hatafika mbali, nkampa habari za Arne Larsson wa Sweden, wa kwanza kuwekewa betri ndani ya mwili, 1958, ya kwanza ilidumu masaa tu, wakawa wanambadilishia, akaishi hadi 2001, daktari na injinia wake wote walimtangulia.

Saa kumi na moja wodini, monita 60 haiyumbi. Bibi kanuna, kaambiwa mkono usipite bega wiki kadhaa, sasa nani ataanika nguo?

Nkamwonyesha mjukuu wake, yuko kitandani pembeni na simu.